Ushirikiano wa Sauti na Ushirikiano wa Neno: Tamthilia za Asia katika Kiswahili, Zikitazamwa kutoka Kolwezi

1. Utangulizi

Kuleta tamthilia za bara moja mbele ya hadhira ya bara jingine si jambo geni katika historia ya Kiswahili, lakini limezoeleka kwa upande mmoja tu, yaani upande wa Ulaya. Julius Nyerere alimtafsiri Shakespeare katika Juliasi Kaizari (1963) na Mabepari wa Venisi (1969). Samuel Mushi alitoa Makbeth (1968), kisha akamleta mtunzi wa Kiyunani wa kale katika Mfalme Edipode (1971). Baadaye Christon Mwakasaka alimleta Gogol, Mrusi, kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali (1979). Kazi hizi zilisomwa shuleni, zikajadiliwa vyuoni, na zikawa kipimo cha uwezo wa Kiswahili kubeba mawazo ya watu wengine. Tamthilia za Asia hazikupata nafasi inayolingana na hiyo. Jambo hili linashangaza tukikumbuka kuwa Kiswahili ni lugha iliyokulia ufukoni mwa Bahari ya Hindi, na kwamba msamiati wake wa biashara, mavazi na mapishi una deni kubwa kwa lugha za ng'ambo ya bahari hiyo.

Makala hii inakusudia kuchunguza njia ambazo tamthilia za Asia, au tamthilia zilizotungwa na watu wenye asili ya Asia, zimejaribu kuifikia hadhira ya Waswahili na majirani zao kwa njia ya ushirikiano. Kazi tutakazozitazama zaidi ni tatu. Ya kwanza ni mfululizo wa Kichina uliotiwa sauti za Kiswahili kwa jina la Doudou na Mama Wakwe Zake. Ya pili ni michezo ya Kuldip Sondhi wa Mombasa. Ya tatu haikutoka Asia hata kidogo, bali ilitungwa Lubumbashi na kundi la Mufwankolo, nayo tumeiingiza kwa sababu inatupa kigezo cha kuzipima hizo nyingine. Swali letu ni moja: pande mbili zinaposema kwamba zimeshirikiana katika mchezo, ni upande upi uliokuwa na haki ya kulibadili neno?

2. Kwa nini tuulize swali hili Kolwezi?

Huenda msomaji akaona kuwa swali hili lingefaa zaidi Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, ambako Wahindi na Waarabu wameishi kwa karne nyingi. Sisi tunaona kinyume chake. Katika miji ile ya pwani mkutano na Asia ni wa zamani, nao umeshatulia katika mila. Huku Lualaba mkutano huo unatendeka leo, tena kwa kasi. Mkataba wa mwaka 2008 baina ya serikali ya Kongo na makampuni ya Kichina ulizaa kampuni ya Sicomines, ambayo ilipewa machimbo ya Dikuluwe na Mashamba-Ouest karibu na mji wa Kolwezi. Mwaka 2016 kampuni ya Kichina ya CMOC ilinunua hisa za Wamarekani katika mgodi wa Tenke Fungurume. Kabla yao Wajapani walichimba shaba huko Musoshi, katika miaka ya 1970. Kwa hiyo mtu wa ukanda wa shaba amekwisha kumjua Mwasia kama mwajiri, msimamizi, fundi na muuza duka. Hajapata kumjua kama mwana, mkwe au mjane.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Watu wawili wanaokutana mbele ya tingatinga na kwenye karatasi ya mshahara tu hujuana kwa amri na kwa malalamiko. Kila mmoja humtungia mwenzake sura, na sura hiyo kwa kawaida huwa ya dhihaka. Jukwaa ni mahali pachache ambapo mtu anaweza kumtazama mwenzake kwa muda mrefu bila ya mmoja kuwa bwana na mwingine kuwa mtumwa wa saa. Jamii inayoishi na wageni kwa wingi namna hii bila ya kuwa na jukwaa la pamoja imeacha kazi ya kuelezana mikononi mwa uvumi.

Aidha, Kolwezi ina historia yake ya mkutano uliofanyika kwa Kiswahili. Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyejulikana kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu (1945), alikuja kufanya kazi katika eneo la Kolwezi mwaka 1953. Huku, miongoni mwa wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, ndiko ilikochipuka Jamaa, jumuiya ambayo mafundisho yake yalijengwa juu ya maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi na mapendo. Tunaweza kutofautiana juu ya thamani ya mafundisho hayo, na Kanisa lenyewe lilitofautiana nayo baadaye. Lakini kwa mwanaisimu kuna funzo lisilopingika: fikra ya mgeni ilipata nguvu pale tu ilipokubali kuumbwa upya kwa maneno ya mwenyeji. Isingetosha kuitafsiri. Ilibidi iulizwe maswali na watu ambao maneno yale yalikuwa yao.

3. Njia ya uani: kutoka Beijing hadi Kilwa kupitia Berlin

Kabla ya kuzitazama kazi zenyewe, inafaa tukumbuke kuwa jukwaa la Asia limekwisha kuingia katika tamthilia ya Kiswahili kwa njia ya uani. Mwaka 1935 Bertolt Brecht alimwona huko Moscow mwigizaji maarufu wa Kichina, Mei Lanfang, mwanamume aliyesifika kwa kuigiza nafasi za wanawake. Brecht alivutiwa na jinsi mchezaji huyo alivyoonyesha mhusika na wakati huohuo kuonyesha kwamba yeye mwenyewe anaonyesha. Hakutaka hadhira isahau kuwa iko mbele ya mchezo. Kutokana na tajiriba hiyo Brecht aliandika insha juu ya uigizaji wa Kichina, na mbinu ya kumweka mtazamaji mbali kidogo na kisa ili apate kukifikiri ikawa nguzo ya nadharia yake.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa eneo la Kilwa na mtunzi wa Kinjeketile (1969) na Mashetani (1971), alisoma Berlin Mashariki, akaandika huko tasnifu yake juu ya maendeleo ya tamthilia katika Afrika ya Mashariki (1975). Wahakiki wengi wamejadili uhusiano wake na Brecht. Mwaka 1976 alitoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambamo msimulizi mmoja anasimama mbele ya watu na kuubeba mchezo wote kwa ulimi wake. Hatudai kuwa Hussein aliiga China. Tunadai tu kuwa katika mnyororo wa mawazo yaliyokuwa yakimzunguka, kiungo kimoja kilikuwa cha Kichina, na kiungo hicho hakitajwi mara nyingi.

Mkasa huu una kejeli yake. Sifa ambayo Brecht aliiona kuwa ngeni kwa Mei Lanfang haikuwa ngeni kwa bibi anayesimulia ngano jioni. Msimulizi wetu hucheza sungura na fisi kwa zamu, huku akijibizana na wasikilizaji wake, na hakuna mtoto anayedhani kuwa bibi amegeuka fisi kweli. Laiti Mchina na Mswahili wangekutana ana kwa ana, pengine wangegundua mapema kuwa wana jambo moja la kusemezana juu ya ufundi. Badala yake walifahamishana kupitia kwa mtu wa tatu, ambaye alikuwa na haja zake mwenyewe, yaani kuupiga vita mchezo wa Ulaya uliotaka kumlewesha mtazamaji. Aliyekopa kupitia kwa dalali hamjui mwenye mali.

4. Ushirikiano wa sauti: Doudou na Mama Wakwe Zake

Mfululizo huu ulionyeshwa China kuanzia mwaka 2010. Mwaka 2011, baada ya kutiwa sauti za Kiswahili kwa kazi ya Radio China Kimataifa na waigizaji kutoka Afrika ya Mashariki, ulirushwa na televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC. Ulipendwa. Rais Xi Jinping aliutaja katika hotuba yake mjini Dar es Salaam mwezi Machi 2013, akisema kwamba umewawezesha Watanzania kujua furaha na taabu za maisha ya kawaida ya familia za Kichina. Tangu hapo njia hiyo imepanuliwa: mwaka 2016 kampuni ya StarTimes ilifanya mashindano nchini Tanzania ya kutafuta watu wa kuigiza kwa sauti, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo.

Kwa upande wa maudhui, kisa chenyewe ni cha nyumbani. Mao Doudou, muuguzi, anaolewa na Yu Wei, mpiga picha. Wazazi wa Yu Wei walikwisha kuachana na baba yake akaoa tena, hivyo bibi arusi anajikuta na mama wakwe wawili wa kuwaridhisha, kila mmoja akiwa na kinyongo chake. Ndani ya kisa hicho hamna joka, hamna mfalme wala upanga. Mna chakula, fedha, wivu, ugonjwa na maneno yanayosemwa mlangoni. Huu ndio ubora wa kwanza wa uteuzi huu. Mtazamaji wa Afrika aliyezoea kumwona Mchina akirusha mateke katika filamu za ngumi alimwona kwa mara ya kwanza akiosha vyombo na kumwogopa mamaye mumewe. Yule aliyechagua kazi hii aliijua hadhira yake.

Lakini tukiugeukia upande wa lugha, tunaanza kuona mipaka. Tuanze na anwani. Anwani ya Kichina inamtaja mkaza mwana na zama zake njema. Mtazamo wake ni wa mwanamke kijana aliyeingia katika ukoo wa watu na anayetaka kuishi humo kwa heshima. Anwani ya Kiswahili inamtaja Doudou kwa jina, jambo zuri, kisha inaelekeza macho kwa mama wakwe. Neno mkaza mwana, ambalo Kiswahili kinalo na ambalo ndilo moyo wa anwani ya kwanza, limepotea. Matokeo yake, hadhira inaingia katika kisa ikiwatarajia wakwe wakorofi, mahali ambapo hadhira ya Kichina iliingia ikimtarajia mkaza mwana mwerevu.

Tatizo la pili ni la istilahi za ujamaa. Kichina kina neno moja kwa mama wa mume na neno jingine kwa mama wa mke. Kiswahili kina mama mkwe kwa wote wawili. Katika jamii nyingi za Katanga, mtu akisikia habari za mama mkwe, wa kwanza kumjia akilini ni mama wa mke, ambaye desturi ya zamani ilimtaka mkwe wa kiume amwepuke kwa heshima, asile naye wala asikutane naye njiani bila kupisha. Kwa hiyo mzaha unaotegemea mkaza mwana na mama wa mumewe kusukumana jikoni unaangukia penye desturi nyingine kabisa. Hili si kosa la watafsiri, maana lugha ndivyo ilivyo. Lakini ni mahali ambapo mchezo ungeweza kutajirika kama Waswahili wangepewa nafasi ya kuuliza: huyu ni mkwe wa upande gani, na kwetu angesemaje?

Nafasi hiyo haikuwapo, na haingeweza kuwapo, kwa sababu ya namna ya kazi yenyewe. Picha ilikwisha kupigwa. Midomo ya wahusika ilikwisha kufunguka na kufumbwa. Mchina akisema kwamba anapenda, silabi tatu zinamtosha; Mswahili akisema "ninakupenda" anahitaji tano. Mwigizaji wa sauti hana budi kukimbia, kukata au kubadili. Ujuzi wake ni mkubwa na unastahili sifa, lakini ni ujuzi wa kutii. Kila jibu lake lilikwisha kutolewa kabla hajaulizwa. Ndiyo maana tunauita ushirikiano wa namna hii ushirikiano wa sauti: mgeni analeta neno, mwenyeji anakopesha kinywa.

5. Ushirikiano wa kalamu: Sondhi na waliomfuata

Miaka ya 1960 ilishuhudia njia nyingine. Kuldip Sondhi, mhandisi mwenye asili ya Bara Hindi aliyeishi Mombasa, aliandika michezo mifupi ambayo wahusika wake ni Wahindi na Waafrika wa Kenya iliyokuwa ikipata uhuru. Miwili kati yake, Undesignated na With Strings, imo katika mkusanyo wa michezo mifupi ya Afrika ya Mashariki uliohaririwa na David Cook na Miles Lee (1968). Katika mchezo wa kwanza suala ni cheo: nani atashika nafasi ya juu ofisini wakati Mwingereza anaondoka, Mhindi mwenye uzoefu au Mwafrika mwenye nchi? Katika wa pili kijana wa Kihindi na msichana wa Kiafrika wanataka kuoana, wazee wanakataa, kisha urithi wa fedha unajitokeza ukiwa na sharti la ndoa hiyohiyo, na ukali wa wazee unaanza kulegea.

Ukilinganisha na Doudou, hatua aliyopiga Sondhi ni kubwa. Hapa Mwasia hayuko mbali ng'ambo akioshewa vyombo vyake mbele ya kamera. Yuko hapa, ana jirani, na jirani huyo anamjibu. Tena Sondhi hakuwasitiri watu wake. Mchezo wa With Strings unawacheka wazee wa pande zote mbili kwa kuonyesha kuwa kilichoitwa mila kilikuwa na bei. Kejeli hii isingeweza kuandikwa na mgeni wa wiki mbili.

Udhaifu wake uko penginepo. Michezo hii iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo si ya mama kwa Mhindi wala kwa Mwafrika wa Mombasa, wakati nje ya mlango wa jumba la maonyesho wote wawili walikuwa wakipatana bei kwa Kiswahili. Kwa kufanya hivyo Sondhi aliwapatanisha wahusika wake katika lugha ya yule aliyekuwa akiondoka. Tusimlaumu kupita kiasi. Mashindano ya tamthilia, wachapishaji na vyuo vyote vilidai Kiingereza. Wakati huohuo lakini, Kampala ilionyesha kuwa mlango mwingine ulikuwa wazi: kundi la maonyesho la Chuo Kikuu cha Makerere lililoanza mwaka 1965 lilizunguka Uganda na Kenya likicheza katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kampala hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na Ganesh Bagchi, mwalimu mwenye asili ya Kihindi, aliyeandika michezo juu ya maisha ya jamii mbalimbali. Vyote viwili, lugha na mtunzi, vilikuwapo katika mji mmoja. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, na jambo ambalo lingeweza kuzaliwa likazimwa.

Maumivu hayo yalirejea jukwaani miongo mitatu baadaye, kwa mkono wa Shailja Patel, Mkenya mwenye asili ya Gujarati, katika onyesho lake la Migritude, ambalo lilichapishwa kama kitabu mwaka 2010. Patel anatoa sari alizowekewa na mama yake sandukuni na kuzifunua moja baada ya nyingine, kila sari ikifungua habari ya dola, ya biashara au ya kufukuzwa. Nguo inafanya kazi ya mhusika. Hata hivyo yuko peke yake jukwaani. Anamsemea jirani vizuri, kwa huruma na kwa ujuzi, lakini jirani mwenyewe hayupo. Huu tunauita ushirikiano wa kalamu: mtunzi mmoja anaubeba ubishi wa watu wawili kifuani mwake.

6. Ushirikiano wa neno: funzo la Mufwankolo

Sasa turudi nyumbani. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilijulikana katika Katanga yote kwa michezo yake ya redio na televisheni, iliyochezwa kwa Kiswahili cha watu wa shaba. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye miaka 20 kabla ya hapo alikuwa amefanya utafiti juu ya Jamaa, aliwauliza wachezaji maana ya msemo aliousikia: kwamba madaraka huliwa mazima. Badala ya kumpa maelezo, wachezaji waliamua kuufanya msemo huo kuwa mchezo wao mpya. Hivyo ulizaliwa Le pouvoir se mange entier, uliorekodiwa kwa televisheni katika kijiji cha Kawama. Fabian aliuandika mchakato mzima katika kitabu Power and Performance (1990), pamoja na maneno ya wachezaji katika Kiswahili chao.

Mambo matatu yanatupasa kuyazingatia. Kwanza, mgeni alileta swali, hakuleta mchezo. Pili, hakukuwa na maandishi yaliyotangulia. Kundi lilikubaliana juu ya mtiririko wa matukio, likagawana nafasi, na maneno yakaja wakati wa mazoezi, yakibadilika kila siku. Tatu, lugha haikusafishwa. Wachezaji walisema "bantu" na "bana", walichanganya Kifaransa pale ambapo Kifaransa kina maana, na walitumia viunganishi na vitenzi ambavyo mtahini wa Dar es Salaam angevipigia mstari mwekundu. Kisa cha chifu na raia zake kilichezwa kijijini, lakini kilichezwa katika Zaire ya Mobutu, na ni vigumu kudhani kuwa hadhira haikuisikia Zaire katika kijiji hicho. Lugha ya nyumbani ndiyo iliyowaruhusu wachezaji kusema kwa mafumbo yale ambayo lugha rasmi ingeyasema kwa hatari au isingeyasema kabisa.

Haya yote yanakuwa wazi zaidi tukiuweka mchezo huu kando ya mkutano mkubwa wa tamthilia uliotangulia mwaka mmoja tu. Mwaka 1985 Peter Brook alionyesha Mahabharata huko Avignon, kwa muda wa saa tisa, ndani ya machimbo ya mawe ya Boulbon. Wachezaji walitoka nchi nyingi; Sotigui Kouyaté wa Burkina Faso aliigiza Bhishma kwa utulivu uliosifiwa na wengi. Lakini mhakiki wa Kihindi Rustom Bharucha alilalamika kwamba utenzi huo ulikuwa umeng'olewa katika imani na historia ya watu wake, kisha ukauzwa kama mali ya ulimwengu mzima. Hatuhitaji kukubali kila neno la Bharucha ili kuona tofauti. Kule Boulbon, mabara yote yalikaribishwa, na mtu mmoja akaamua. Kule Kawama, mgeni mmoja aliuliza, na kundi zima likaamua. Onyesho la kwanza lilikuwa na fahari kubwa zaidi. La pili ndilo lililokuwa ushirikiano.

7. Pingamizi moja

Yupo atakayetujibu kwamba usawa wa jukwaani hauwezekani pasipo usawa wa mifuko. Fedha ya kutia sauti, ya kununua mitambo na ya kusafirisha waigizaji inatoka upande mmoja, na mwenye fedha ndiye mwenye neno. Pingamizi hili ni zito, tena sisi wa Lualaba hatuna haja ya kuelezwa nguvu ya fedha. Lakini lina kasoro. Mchezo wa kundi la Mufwankolo haukuwa na gharama ya kutisha. Ulihitaji kiwanja, watu wenye kipaji, na swali zuri. Tamthilia ni mojawapo ya sanaa chache ambazo maskini anaweza kumpita tajiri katika ufundi, kwa sababu chombo chake ni mwili na ulimi. Aliye na kamera anaweza kutuuzia picha iliyokwisha kukauka, lakini mazoezi, yaani wakati ambapo neno bado bichi, hayauziki.

8. Hitimisho

Tumeona ngazi tatu. Katika ushirikiano wa sauti, neno la mgeni linapita kinywani mwa mwenyeji bila kubadilika. Katika ushirikiano wa kalamu, mtu mmoja anayezijua pande mbili anazipatanisha au kuzigombanisha kwa niaba yao. Katika ushirikiano wa neno, pande zote zipo wakati neno linapotafutwa, na kila upande unaweza kukataa. Hatusemi kuwa ngazi ya kwanza ni ya kutupwa. Doudou amefanya kazi ambayo hotuba za mabalozi hazikuifanya, na mkaza mwana yule wa Kichina anastahili kukaribishwa hata katika nyumba za Manika na Dilala. Tunachosema ni kwamba asikaribishwe kama picha ukutani.

Kundi litakalotaka kuziinua tamthilia za Asia katika Kolwezi linaweza kuanza papo hapo alipoachwa Doudou. Lichukue hali yake, si maneno yake: mwanamke kijana, mume mpole, wakwe wawili, chumba kimoja. Liwaite wafanyakazi wa Kichina walio tayari, wanawake na wanaume, waeleze kwao mama wa mume hunyamaziwa vipi. Wenyeji waeleze kwao mama wa mke hupishwa vipi njiani. Kisha watu wasimame wacheze, kwa Kiswahili kilekile ambacho wote wawili hukitumia machimboni, kibovu au kizuri, na kila atakayeona kuwa mwenzake amemkosea sura asimamishe mazoezi na kusema. Kazi ya Idara zetu iwe kuyanukuu maneno hayo kwa uaminifu kama Fabian alivyoyanukuu yale ya Kawama, bila kuyasahihisha. Kiswahili cha Lualaba kimekwisha kubeba amri za Mbelgiji, mafundisho ya Jamaa na vichekesho vya Mufwankolo. Hakitashindwa na mkwe wa Kichina.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii kwa kawaida hufasiriwa kama sifa ya mgeni, kana kwamba dawa iko mkobani mwake. Tukiisoma kwa makini tunaona kuwa anayepona ni mwenyeji, na mgonjwa hawezi kupona bila kusema mahali panapomwuma. Mgeni amekwisha kuja. Lililobaki ni sisi kusema.